Siku Ubongo Bandia Ulipopooza

Jumamosi, katikati ya masika, 1997.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika mchana, halafu jua likatoka kali kama limetukanwa. Ifakara yote inanuka matope. Nimelowa, nimekauka, nimelowa tena.

Leo nimeona jambo ambalo sijui niliweke wapi.

Nianze na nyumbani, maana huko ndiko kunakouma. Kaka Polikapi amefika jana kutoka kijiji cha Mbingu kumchukua Baba. Ameshaongea na mwenye lori moja la mpunga, na kesho baada ya misa ndiyo safari. Kaka si mtu mbaya. Anaona Mama amechoka kumgeuza na kumwogesha, anaona mimi nashinda ofisini, naye huko ana nyumba kubwa na watu wengi. Ila najua nyumba ya Mbingu ilivyo msimu huu. Wote wanaamkia shambani na kurudi jioni wamechoka. Baba atakalishwa barazani na redio, na hakuna atakayemsemesha mpaka mavuno.

Tangu apooze upande wa kulia, Baba amebaki na neno moja. Kamba. Maji ni kamba, uji ni kamba, mimi Leokadia ni kamba, na Mama ni kamba kwa sauti ya chini kidogo. Huyu ni mtu aliyefanya kazi kwenye pantoni la Kivukoni miaka na miaka, kazi yake kuyapanga malori ili tusizame, na sauti yake ilikuwa inavuka mto kabla ya pantoni lenyewe. Madereva walimwogopa. Sasa anatazama kijiko, anafungua mdomo, linatoka lilelile, na anajua kwamba silo. Hicho ndicho kinachoniumiza zaidi, kwamba anajua.

Kaka haamini kwamba anajua. "Mzee haelewi tena, mdogo wangu," aliniambia jana. "Mnamsumbua bure kumsemesha. Mwacheni apumzike." Nilikuwa nimechoka, na moyoni nilitamani awe anasema kweli, ili na mimi nipumzike. Nimeliandika hilo na sitalifuta.

Sasa ya ofisini.

Sisi pale tunahesabu mbu kwa utafiti wa malaria. Mimi ndiye ninayeingiza hesabu zao kwenye kompyuta, katika chumba pekee chenye kiyoyozi, ambako mashine zinakaa kwa raha kuliko wagonjwa wa Ifakara nzima. Dokta Regina hahusiki na mbu. Mume wake ni daktari wa wagonjwa, na yeye, tunayemwita Dokta kabla ya wakati, anasomea udaktari ule mwingine, wa vitabu, katika chuo kimoja huko Ulaya. Bosi wetu amemruhusu kutumia mashine moja siku za Jumamosi. Utafiti wake ni kutengeneza ubongo kwa kompyuta.

Mara ya kwanza aliponiambia nilicheka. Nikamwambia meno bandia nayajua, nywele bandia ninazo, lakini ubongo bandia, hapo mama umenipoteza. Hakukasirika. Alinivutia kiti, akaniomba nimsaidie kuchapa maneno ya Kiswahili, kila neno na wingi wake. Kitabu, vitabu. Mtoto, watoto. Mti, miti. Nimemchapia Jumamosi nyingi sasa, naye ananishukuru kwa chapati na maelezo.

Maelezo yenyewe, kwa jinsi nilivyoyaelewa, ni haya. Ndani ya mashine kuna vitu anavyoviita seli, na kati ya seli na seli kuna nyuzi. Si nyuzi za kushika. Ni namba tu, zinazosema huyu amsikilize yule kwa kiasi gani. Unaipa mashine neno "kitabu", inajibu upuuzi. Unaionyesha jibu sahihi, inasogeza namba zake kidogo. Unarudia, na unarudia tena. Mwanzoni ilikuwa inabwabwaja herufi tupu. Halafu ikaanza kukosea kwa akili. Siku moja iliulizwa wingi wa "mto", ikajibu "wato", na mimi nikapaliwa na chapati. Mpwa wangu alisema hivyohivyo alipokuwa anajifunza kuongea. Kama mtu ni watu na mtoto ni watoto, kwa nini mto usiwe wato?

Nilidhani Dokta ameiandikia mahali fulani kwamba ki- inageuka vi-. Nikamwomba anionyeshe hapo mahali. Akafungua, na palikuwa na namba, namba zenye desimali, kurasa kwa kurasa, na hakuna hata herufi moja. Sheria ya ngeli haipo popote humo, na bado inafanya kazi. Akabuni neno lisilokuwepo duniani, "kigonze", akaiuliza. Ikajibu "vigonze". Nilitoka nje nikasimama juani mpaka nikajisikia niko Ifakara.

Hayo ni ya wiki zilizopita. Leo Dokta aliingia akikung'uta mwavuli, akasema, bila kujua anamwambia nani, "Leokadia, leo ubongo wetu tunaupoozesha."

Sikuwahi kumweleza habari za Baba. Nilisema tu kwamba nyumbani kuna mgonjwa. Nikasogeza kiti changu, naye akaanza kufuta nyuzi. Alifuta ovyo, moja hapa na nyingine kule, mpaka nyingi zikawa zimekwenda. Halafu akaniambia niulize maneno. Nilichapa "kisu", ikajibu "kisu". Nilichapa "mtu", ikajibu "mivu". "Kitabu" ililipata, sijui kwa nini hilo liliponea. Nilichapa "mzee", ikajibu "vizee".

Nililia. Mbele ya mashine, mbele ya msomi wa watu, nililia kwa sababu ya vizee.

Dokta alinipa leso yake, nami nikamweleza yote, Baba na kamba yake na lori la kesho. Kisha akaniomba nisiondoke, kwamba sehemu aliyokuwa anaisubiri yeye mwenyewe bado haijafika. Akachukua nusu ya yale maneno, akaanza kuufundisha ubongo upya kwa nusu hiyo tu. Nusu ya pili hakuigusa kabisa, na "kisu" kilikuwa humo, na "mzee" pia. Tulikunywa chai mashine ikifanya kazi yake. Ulijifunza haraka kuliko mara ya kwanza, na hilo alilitegemea. Kisha akanisogezea kibodi.

"Sasa uliza yale ambayo hatukuufundisha upya."

Nilichapa "kisu".

Visu.

Nilichapa "mzee", kidole kikisitasita. Wazee. Si yote yaliyorudi, mengine yalibaki yamevurugika vibaya, lakini mengi yalirudi bila mtu kuyaita. Nywele zilinisimama, hata zile bandia.

Dokta alinieleza kwamba humo ndani maneno hayana kila moja chumba chake. Yanalala yote kitanda kimoja, kwenye nyuzi zilezile, kwa hiyo ukiyaamsha haya, na yale yanajigeuza. Halafu akanishika mkono. "Ila usinielewe vibaya. Hiki ni kimashine cha maneno machache. Kichwa cha mzee wako ni kitu kingine kabisa, hata sisi tunaokisomea hatukijui. Siwezi kukuahidi chochote." Nilimshukuru kwa kusema hivyo. Angeniahidi nisingemwamini.

Nimerudi nyumbani kwa baiskeli nikipita katikati ya madimbwi bila kuyakwepa. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba neno lisilotoka mdomoni huenda halijafa, huenda limelala tu pembeni ya mengine, na sisi tunataka kuzima taa na kufunga mlango.

Baba alikuwa barazani kwenye kiti chake, Kaka anamnyoa ndevu. Alikuwa anamnyoa kwa upole sana, lazima niseme. Mama alikuwa anachambua mchele. Niliwaamkia, nikaingia ndani, nikatoka na sinia lenye vijiko, vikombe na vikapu vidogo vya Mama. Nikakaa mbele ya Baba. Nikainua kimoja, nikataja, "kijiko." Nikainua viwili, "vijiko." Kikombe, vikombe. Kikapu, vikapu. Baba sikumwuliza kitu.

"Unamfundisha darasa la kwanza mtu mzima?" Kaka aliuliza.

Ndicho nilichokuwa nafanya. Nilirudia mpaka koo likakauka. Mama aliweka ungo chini akaanza kuitikia pamoja nami, kama tuko kanisani kwenye litania. Baba alikuwa anatutazama midomo.

Halafu nikatoa viberiti viwili. Neno hilo hatukuwa tumelitaja kabisa. Nikaviweka mapajani pake, nikamwuliza, "Hivi ni nini, Baba?"

Aliviangalia kwa muda mrefu. Upande wa kushoto wa mdomo ulianza kuhangaika.

"Vikamba," alisema.

Kaka alicheka, na simlaumu. "Umesikia? Ni kamba ileile."

"Amesema vi," Mama alisema. Hakupandisha sauti, ila alikuwa ameshika ukingo wa kiti cha Baba. "Polikapi, baba yako amesema vi."

Kaka aliacha kucheka. Aliuchukua mkono wa Baba ulio mzima, akautoa juu ya viberiti, akachukua kimoja akakitia mfukoni. Kisha akapiga magoti mbele yake, jambo ambalo sijamwona akilifanya nje ya kanisa. "Na hiki, Baba? Hiki kimoja?"

Baba alikasirika. Niliiona, ile hasira yake ya pantoni, ya kumkuta dereva asiyesikia maelekezo. "Ki," alisema. Akapumua. "Kikamba."

Tulikaa hivyo, povu la sabuni linakauka kwenye shavu la Baba. Neno silo, mtoto yeyote angemcheka. Lakini kimoja alikiita kwa ki na viwili akaviita kwa vi, na viberiti hakuna aliyemfundisha. Mtu asiyeelewa hakosei namna hiyo.

Au labda hukosea. Inawezekana alishika tu mlio wa sauti zetu akaurudisha. Nikimsimulia Dokta ndivyo atakavyoniambia, na itabidi nimsikilize, maana yeye ndiye mwenye elimu. Lakini hata akisema hivyo, ule mlio aliushika kwa kitu gani, akajua kwamba huu ni wa kimoja na huu ni wa viwili, kisha akautwika juu ya neno pekee alilobaki nalo?

Nimekaa na jambo hili jioni nzima na bado linanitisha, kwa kutisha kuzuri. Bibi yangu hakuwahi kuiona shule. Alimfundisha Baba kuongea kwa Kindamba, ng'ambo ya mto, kwa kumrudia na kumrudia, bila kumwambia sheria hata moja, na sheria zikaingia zenyewe. Baadaye Kiswahili nacho kikaingia kwa njia hiyohiyo, kwa makelele ya madereva. Ugonjwa umepita humo kichwani na kukata ulivyotaka. Bado kuna kitu ndani kinachotofautisha kimoja na viwili, kinafanya kazi gizani, hakina hata mtu wa kukiuliza. Na mimi kichwa hicho nimekuwa nikikiosha kwa sabuni na kukichana kama kichwa tu.

Kaka alimaliza kumnyoa Baba. Sasa hivi ametoka, amekwenda kumwambia mwenye lori kwamba kesho apakie mpunga tu. Mama hakumwuliza anakwenda wapi. Alimpa mwavuli.

Kesho baada ya misa nitamwekea Baba mbele mkeka na mikeka, mkoba na mikoba, mkate na mikate. Sitakuwa na haraka ya kumsahihisha. Nataka kusikia atakosea vipi.