Nakshi za Ndani ya Nyumba

Shangazi yangu Mwanaidi,

Nimekaa kwenye kigoda chako karibu na dirisha, na ubao wangu wa chuoni nimeuweka magotini uwe meza. Mwalimu alitufundisha kwamba barua huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Nimefikiri sana namna ya kukuuliza wewe, nikashindwa, basi naanza na hali yetu. Tumechoka, Shangazi. Hatuumwi, tumechoka tu. Mama akimaliza kupika hukaa palepale jikoni, mikono juu ya mapaja, mpaka chungu kipoe. Mimi nikirudi chuoni hupanda ngazi polepole kama mtu mzima.

Huu ni mwezi wa tano tangu ututoke. Mti wako wa hina wa Kiembe Samaki umetoa majani mengi na hakuna wa kuyachuma. Mama amenunua buibui, kama wanawake wengi wa mjini siku hizi, na barakoa yako ya kujifunikia uso ameiweka sandukuni. Kile kidaka kilichochimbwa ukutani, ulimokuwa ukiweka bakuli lako la shaba na vijiti vya chelewa vya kuchorea hina, kilijaa vumbi. Kila mtu alikipita kama hakioni.

Ninalotaka kukueleza ni habari ya Zuwena, mjukuu wa Bi Asha wa Kiponda. Unamkumbuka, yule niliyesoma naye, anayecheka mpaka kwikwi imshike. Ameolewa. Wiki mbili kabla ya harusi Bi Asha alikuja kwetu, akanywa kahawa, halafu akamwambia Mama: "Mwanaidi ndiye aliyemchora hina mama yake Zuwena. Mkono wake umebaki kwenu, au kaondoka nao?"

Mama aligeuka kukitazama kidaka. Mimi nilikuwa nimeshika sinia mlangoni, na wala sikuulizwa. Nikasema, "Umebaki."

Bi Asha alipokwisha kutoka, Mama alinifuata mlangoni. Hakunigombeza. Alisema, "Haya, umejipeleka mwenyewe. Ukiweza, vyombo vya shangazi yako vitakaa pale vilipo. Ukishindwa, nampa yule mpambaji wa mtaa wa Malindi. Mimi nshachoka kuviona vimekaa bure."

Yule wa Malindi huchora maua ya kwenye leso za dukani, Shangazi, na huchora upesi. Wengi wanampenda. Wewe ulikuwa ukiniambia, "Maua yako kila mahali. Nyumba ya mtu ni moja." Ulitoa nakshi zako katika nyumba aliyokulia biharusi, kwa sababu siku saba za fungate atakaa ndani ya nyumba ya watu, kila mtu anamwangalia yeye, na yeye hana chake cha kuangalia ila mikono yake. Hilo ulinieleza. Lakini hukunieleza ulichaguaje.

Nilijaribu kukumbuka ulivyofanya. Nilikumbuka jambo moja, na hilo lilikuwa likinitia haya. Ulikuwa ukifika kwa maharusi, hata hina hujaivuruga kwa ndimu, unaomba kitanda cha biharusi, unajinyoosha. Wanawake wanacheka: "Haya tena, Bi Mwanaidi kalala! Kaja kuchora au kaja kuolewa?" Nawe unawajibu macho yako juu, "Niacheni miye, ngazi zenu ndefu." Mimi nilikuwa nikilikumbatia bakuli na kutazama sakafu. Nilidhani umechoka kweli. Na mwaka wako wa mwisho ulikuwa umechoka kweli, kwa hivyo sikuuliza. Laiti ningeuliza.

Basi nilifanya nilivyofundishwa chuoni: kutazama vizuri na kunakili bila kukosea. Nilichagua mlango wa kina Zuwena, maana hakuna aliyepita Kiponda asisimame kuutazama. Kwa siku tatu, kila baada ya Alasiri, tulisimama ng'ambo ya kichochoro, Mama ameegemea ukuta, mimi na ubao wangu. Nilinakili ule mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, magamba ya samaki chini yake, na vile vichwa vya misumari ya shaba safu kwa safu. Sikuruka hata kimoja. Nilijiona nimefika.

Siku yenyewe chumba kilijaa wanawake na moshi wa udi. Sikuomba kitanda. Nilitaka waone kwamba mimi si mvivu. Nilikaa chini, nikaushika mkono wa kushoto wa Zuwena, nikauchora mlango ule kuanzia kifundo cha mkono mpaka kwenye vidole, mgongo ukiniuma na shingo ikiniuma. Nilikuwa nimebakisha safu moja ya misumari alipouinua mkono akautazama.

"Salha, huu mlango wa nani?"

"Wenu."

"Wetu upi?"

Nikamwambia, wa chini, wa njiani. Aliutazama tena, akageuza kichwa huku na huku. "Miye siujui huu," akasema. "Nikitoka naambiwa inama, pita upesi. Nikirudi, inama, ingia upesi. Mlango wetu naujua kwa ndani. Una komeo, na ubao mmoja umepasuka, ndipo ninapochungulia."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. "Kamchora mlango wa wageni!" Mwengine akasema, "Mwiteni wa Malindi kabla haijakauka!" Zuwena hakucheka, yeye anayecheka kwa kila kitu. Bi Asha naye hakucheka. Alileta kitambaa cha maji, akaufuta mkono. Lakini hina ilikwisha shika. Mlango wangu ulibaki pale, rangi ya machungwa isiyokolea, hautoki wala haukai.

Mama alikuwa kwenye pembe ya chumba. Nilimwona akianza kukusanya vijiti vyako, kimoja kimoja.

Shangazi, mgongo ulikuwa bado unaniuma. Nilikaa kwenye kitanda cha Zuwena, halafu nikalala, si kwa kukuiga, ila sikuweza kukaa. Nikasikia, "Ala! Na huyu naye kalala!"

Na macho yangu yakaenda juu.

Kulikuwa na boriti tisa darini. Ya tano ilibadilishwa, nyeupe kuliko nyingine na imepinda kidogo. Pembeni kulikuwa na kidaka ambacho upinde wake ulivunjika zamani, mtu akautengeneza kwa chokaa na vidole, na alama za vidole zipo bado. Vioo vya dirishani vilimwaga wekundu na kijani ukutani. Pale nilipolala ndipo Zuwena alipoamka kila siku tangu utoto wake, na hayo ndiyo aliyoyaona kabla hajamwona mtu.

Kumbe ndiyo uliyokuwa ukiyatazama. Nyumba zote zile, vitanda vyote vile, na mimi niko mlangoni nakuonea haya.

Niliinuka. Nikamwambia Mama, "Vijiti viache, bado." Nikamuuliza Zuwena, "Ukiamka, unatazama nini kwanza?" Akanieleza. Boriti ya tano aliiita Mzungu tangu mdogo, kwa weupe wake, na akishindwa kulala mchana alikuwa akizihesabu kwenda na kurudi. Kidaka kile alikitengeneza marehemu babu yake mwenyewe, kwa sababu fundi alikawia. Nilichora mkono wa kulia: boriti tisa, moja kwa kila pingili ya vidole vitatu, na ya tano nikaiacha tupu ili ngozi yake iwe weupe wake. Kidaka nikakiweka katikati ya kiganja, upinde umepinda vilevile.

Kisha nikarudi kwenye mkono wa kushoto. Juu ya ile rangi hafifu ya mlango wa nje nilichora komeo na ubao uliopasuka. Wa nje ukawa chini, wa ndani ukawa juu, na wote ni mlango mmoja. Wanawake walisogea karibu kutazama. Zuwena alitazama mikono yake akaanza kulia, na hakuweza kujifuta kwa sababu ya hina mbichi. Bi Asha akamfuta kwa ncha ya leso yake, akanitazama mimi, akasema, "Umebaki."

Fungate ilipokwisha tulikwenda kumtazama kwa mumewe, Sokomuhogo. Amekonda kidogo. Alinivuta pembeni akaniambia kwamba siku za kwanza, watu wakipumzika mchana, alikuwa akiweka mkono kifuani akihesabu boriti zake. "Nimezihesabu mpaka zimeanza kufifia," akasema. "Sasa nimeanza kuzijua za humu." Halafu akacheka, na kwikwi ikamshika.

Tuliporudi nyumbani Mama alifuta vumbi kwenye kidaka chako, akarudisha bakuli. Alikwenda kukaa jikoni kama kawaida yake, lakini kesho yake alileta kikapu cha majani kutoka Kiembe Samaki akayaanika juani.

Wameshakuja wawili kuniuliza. Mmoja anataka maua ya leso. Nilimwambia nitamchorea maua, lakini nimwone kwanza chumbani kwake. Mwalimu amenipa karatasi, na naandika kila nyumba niingiayo: dari yake, ngazi zake, na biharusi alisema nini. Wewe uliziweka zote kichwani, na nyingi umekwenda nazo. Sikulaumu. Ila natamani ningekuwa na hata nakshi moja uliyomchora mama yake Zuwena.

Barua hii nitaikunja niiweke kwenye kidaka, chini ya bakuli, maana sijui pengine pa kuipeleka. Nakuahidi, Shangazi, sitamchora mtu kabla sijalala kitandani kwake, na wakicheka nitawaacha wacheke. Nitasema ngazi zao ndefu.

Nawe basi, safari hii lala kweli. Boriti nitazihesabu mimi.

Mtoto wa kaka yako,
Salha