Vitambaa vya Mama Neema

Seven Hills, Jumapili, Machi 2022

Leo jua limetoka kidogo baada ya mvua iliyotuchosha wote, nami sina hata hamu ya kufungua madirisha. Naandika nikiwa chumbani, mlango nimeufunga.

Nina aibu.

Wiki hii niliamua kupanga nyumba. Joto linaondoka, baridi haijafika, na mtaani kwetu huku ughaibuni watu wanatoa vitu vyao nje, gari la halmashauri lije kuvibeba. Korona imeigeuza nyumba hii kuwa ghala. Mifuko ya mchele tuliyonunua kwa hofu, barakoa kila droo, baiskeli ya mazoezi ambayo siku hizi kazi yake ni kuanikia nguo. Nilikuwa nimeangalia video nyingi za wanawake wenye sebule nyeupe, tupu. Nikajiambia, na mimi nataka hivyo.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na mgeni. Kiongozi wetu wa zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mama wa Kizungu, alisema Jumamosi angepita tunywe chai. Hakuna mtu wa kazini aliyewahi kufika kwangu. Basi nikaitazama sebule yangu kwa macho yake, au macho niliyodhani ni yake.

Nikaona vitambaa.

Makochi yote yalivikwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, rangi ya chungwa na nyeupe, vyenye maua pembeni. Alivifuma Mama Neema, Mrundi ninayesali naye, anayekaa mtaa wa pili. Amekulia kambi ya wakimbizi kwetu Kigoma, ndiyo maana tulipokutana huku tulishikana kama ndugu. Mwaka jana tulipofungiwa ndani, hoteli alikokuwa akisafisha vyumba ilifungwa, naye akakaa kwake akifuma. Nilipougua korona aliniachia uji mlangoni kila asubuhi, kisha akasimama barabarani mpaka anione dirishani ndipo aondoke. Nilipopona akaniletea vitambaa hivyo.

Alhamisi nilivikunja, nikaviingiza kwenye mfuko wa taka. Tumaini, binti yangu wa miaka kumi na miwili, aliniuliza kwa Kiingereza chake kama Mama Neema hataumia. Nikamwambia apeleke mfuko nje na asinichoshe kwa maswali.

Mgeni alikuja, akanywa chai, akasifu maandazi, akaenda zake. Sidhani kama aliyatazama hata hayo makochi.

Hazikupita dakika nyingi, mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Neema, amekumbatia vitambaa, vimefuliwa na kupigwa pasi.

"Dada, hivi nimeviokota hapo nje juzi," alisema. "Nikasema labda vimechanganyika na taka. Mfuko ulikuwa umepasuka, vimeingia matope, nimevifua."

Alikuwa amenifungulia njia. Ningeweza kunyamaza tu na kushukuru. Ningeweza pia kusema kweli.

"Ni Tumaini huyo," nikasema. "Nilimtuma akusanye taka, akatia na vitambaa humo humo. Watoto hawa hawaangalii."

Tumaini alikuwa nyuma yangu na vikombe vya mgeni mkononi. Kiswahili anakisikia chote. Alinitazama, kisha akamgeukia Mama Neema, na yeye ambaye hunijibu kwa Kiingereza hata nikimwita kula, akasema kwa Kiswahili:

"Nisamehe, Mama Neema."

Mtoto wangu aliubeba uongo wangu kwa adabu niliyomfundisha mimi mwenyewe.

Mama Neema alimshika bega, akamwambia hakuna neno, akaniachia vitambaa, akaaga. Tumaini aliviweka vikombe jikoni, akaingia chumbani kwake. Hakula. Nilikotoka mimi, mzazi kumwomba mtoto radhi ni jambo geni, na nilizunguka jikoni muda mrefu nikipangusa meza iliyokuwa safi. Mwishowe nikaenda, nikakaa kitandani kwake, nikamwomba. Hakulia wala hakunikumbatia. Aliuliza kama nitamwambia Mama Neema. Nikasema ndiyo.

Leo baada ya ibada nilimsubiri nje ya kanisa. Nilimwambia ni mimi niliyevitupa, kwamba niliona vitanionyesha mshamba mbele ya Mzungu, na kwamba nilimsingizia mtoto. Akakifungua kilemba chake, akakifunga upya.

"Nilijua," akasema. "Vilikuwa vimekunjwa kimoja kimoja. Mtoto angevisokomeza tu. Ya vitambaa nilikwisha kuyameza. Lakini kumweka mtoto mbele yangu aniombe msamaha, hapo uliniumiza."



"Nirudishie," akasema tena, kwa upole. "Kuna mama amefika juzi, nyumba yake haina kitu. Atavipenda."

Tumevipeleka alasiri hii, mimi na Tumaini. Mama Neema alivipokea kwa mikono miwili na kutukaribisha ndani. Alimuuliza Tumaini kama angependa kujifunza kufuma, na kabla sijavua viatu tayari wamekaa pamoja, uzi magotini, Tumaini akihangaika na sindano ya kufumia, Mama Neema akimrekebisha vidole. Mimi nilipewa chai. Tuliongea habari za mvua.

Kwamba amenisamehe hakusema, nami sikuthubutu kuuliza. Jumapili ijayo kanisani nitakaa benchi lake, kama atasogea kunipisha.