Swichi ya Adongo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Adongo amefika! Mjukuu wangu, niliyemlea mwenyewe hapa mtaa wa Umoja, kisha akakaa miaka saba Amerika, na sasa anakoroma kitandani kwangu. Amekonda. Anasema amerudi kabisa. Haya. Lakini sanduku la nguo ni moja, dogo. Kitu kikubwa alichobeba ni kompyuta, ile ya kukaa mezani. Aliikumbatia kuliko mimi! Ndiyo kazi yake, anasema. Sijamwuliza anakaa mpaka lini. Kwetu aliyefika haulizwi ataondoka lini — ni kumfukuza huko. Nitatumia macho.

Jumatano, 5 Machi 2025

Nilimwita Wahome, fundi wa redio. Akaigeuza kompyuta, akatuonyesha swichi nyekundu mgongoni, ndogo kama punje ya mahindi.

"Shosh," akaniita, ndiyo bibi kwa lugha ya vijana, "hii imewekwa kwa stima ya Amerika, ile ndogo. Ukiichomeka ukutani hivi ni kishindo na moshi. Tukiisukuma upande huu, inakula stima yetu. Waya tunabadilisha. Kwisha."

Kazi ya kupepesa jicho! Adongo akamshika mkono. Akasema hapana, atanunua transfoma ipunguze stima yetu iwe kama ya kule.

"Dada, unajibebesha mzigo wa nini?" Wahome akacheka. Adongo hakucheka.

Mbona?

Ijumaa, 7 Machi 2025

Transfoma imekuja. Nzito kama jiwe la kusagia, inanguruma sebuleni kutwa nzima. Stima ya Amerika ndani ya nyumba yangu! Nikamwambia, si ungesukuma tu kile kitu?

"Dani," akasema, ndivyo tunavyoita bibi kwetu, "wacha tu ibaki vile ilikuja."

Vile ilikuja, kama kitu cha kurudi kule! Na sanduku nalo liko vile lilikuja, nyuma ya mlango, nguo anazitoa moja moja kama mgeni wa harusi. Simu anapokelea bafuni, kwa Kiingereza. Gumbaru ya kanisa, masomo yetu ya watu wazima, ilinifunza kuandika, Kiingereza hawakufika. Lakini sauti ya mtu anayembembeleza mkubwa wake naijua.

Nikapita kwa Wahome, nikamwuliza kama mtu asiye na haja. Akasema swichi ikisukumwa upande wetu na kompyuta bado inakula stima ndogo, haiharibiki. Inakataa kuamka tu.

Jumamosi, 8 Machi 2025

Adongo alienda soko la Burma kununua nyama. Nimeisukuma ile swichi! Kwa sindano ya kufumia. Waya nilichomoa kwanza, sina wazimu. Tak! Nikairudisha waya kwa transfoma, nikaendelea kufuma.

Alirudi, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Nilingoja kelele — akakaa sakafuni akalia. Eti kompyuta ikikufa hana kazi, na hana pa kusimama, si hapa si kule. Mtoto wangu! Niliona haya. Nikampigia Wahome.

Amekuja sasa hivi. Akaangalia mgongoni, akaniangalia mimi.

"Hii imesukumwa."

Adongo akageuka.

"Ni mimi," nikasema. "Kukuuliza kama utaondoka siwezi."

Nikakimbilia jikoni, eti nageuza nyama. Naandikia magotini. Huko sebuleni namsikia Wahome: "Dada, haijaungua. Niirudishe ya kule, ama niichomeke ukutani, ile stima yetu?"

Natega sikio.

Nyama inashika sufuria. Sijaigeuza.

Wahome anauliza tena.