Siku ya Mashoto

Dada yangu mpenzi,

Hujambo wewe, hajambo shemeji na goti lake? Sisi huku wazima kama vigongo, ila mimi sauti imenikauka kwa kucheka, na sababu ndiyo hii.

Kile kitabu changu cha msichana wa mashoto kilikuwa kimedoda miezi mitatu. Mwenye duka la vitabu, mama mmoja mcheshi, aliyafanya maboksi yake kiti cha kunywea chai. Basi akasoma gazetini kwamba siku hizi kila kitu kina siku yake duniani: ipo ya soksi zisizofanana, ipo ya kupiga miayo, na wiki mbili mbele ilikuwa ya watu wa mashoto. Akanipigia simu mbio mbio, akaniamuru nitafute nguo ya maana.

Siku ilipofika alibandika tangazo mlangoni: leo humu kila kitu kwa mkono wa kushoto. Dada, ungekuwepo! Karani wa benki alitia sahihi ikatoka kama nyayo za kuku. Mwalimu wa hesabu alijimwagia chai shatini. Mashoto wenyewe walimiminika, sijui walikuwa wamejificha wapi: muuguzi, seremala, na kinyozi aliyeapa kwamba tangu azaliwe hajaona mkasi unaomheshimu. Walikaa mbele kama maharusi, wakitucheka sisi wa kulia. Ilipofika saa tisa maboksi yalikuwa matupu, mwenye duka hana pa kukaa.

Mwisho akaja bibi mmoja, fundi cherehani mstaafu. Akaomba kalamu, akaandika jina lake kwa kushoto, polepole, mara ya kwanza tangu achapwe shuleni. Akalitazama, akacheka mpaka machozi. Kisha akaniuliza ni nani hasa aliyemshitaki yule msichana wa kitabuni, maana habari niliyoiandika ya mwalimu kuchungulia dirishani haikumwingia akilini hata kidogo.

Nikamweleza kweli ambayo sijawahi kumwambia mtu. Akanijibu, "Mwanangu, mimi si wa kuambiwa. Kamwambie mwenyewe."

Ndiyo nakuambia, dada. Darasani ulikuwa ukijikinga kwa begi ili mwalimu asione mkono unaoandika, na hakuona. Ni mimi niliyekwenda kukusema. Baba alikuwa ameusifu mwandiko wako mbele ya wageni, wangu akaupita kimya, nami wivu ukanipanda. Wakakufunga mkono kwa kitambaa muhula mzima. Kila jioni nilikubebea begi lako, nawe ukanishukuru. Shukrani hizo ndizo zilizonichoma miaka yote. Nisamehe.

Toleo la pili linachapwa mwezi ujao. Ukurasa ule nimeuandika upya: anayeshitaki ni mdogo mtu. Nimeuambatanisha hapa, na hauendi mtamboni kabla hujausoma. Ukikuta mahali nimejipendelea, kata bila huruma, kwa mkono uupendao.

Wabusu watoto, na shemeji mwambie apunguze ngazi.

Ndimi mdogo wako, aliyekusema