Nilipima Juu ya Sweta

Jumanne, Sigowet

Kogo, bibi mzee wa watu, nimemwita mwongo. Ametoka kuchuma chai, amepanda mlima hadi kliniki, na mimi nikampima presha hapo hapo, juu ya sweta, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Ikasoma juu sana.

"Dawa nakunywa kila siku, daktari."

"Usinidanganye!" Kila mtu alisikia.

Hakuenda nyumbani. Alikaa kwa benchi, chini ya ule mwongozo niliobandika ukutani mwenyewe: mgonjwa apumzike kwanza, mkono uwe wazi. Watu walipoisha, akavua sweta. "Sasa pima tena, kijana wangu."

Presha ilikuwa sawa kabisa.

Nilimwaibisha benchi likiwa limejaa. "Pole, kogo" nimeisema likiwa tupu.