Kidude cha Bei na Mama Mkwe

Jumanne, 10 Machi
Kidude cha bei, kile kisehemu cha website ninachotengeneza, kimekufa tena. Kwa ukurasa wa Busia kinaonyesha bei ya mahindi vizuri. Nikikiweka kwa ukurasa wa Malaba — maandishi mekundu tupu. Nilikiandika kikijua mzazi mmoja tu, ukurasa wa Busia. Kikibebwa na mwingine kinamtafuta yule yule, kinamkosa, kinaanguka. Na Jumamosi mwenye website anataka kuiona. Mama Truphena wa duka la nafaka, mamake Vivianne wangu.

Jumatano, 11 Machi
Swali ni moja: bei ya Malaba inatoka wapi? Zamani ningempigia simu tu. Lakini Desemba nilienda kwao kujitambulisha, sasa ni mama mkwe. Kwa mila zetu hatuongei moja kwa moja, hata kwa simu. Juzi aliniona sokoni akavuka barabara! Heshima, sawa. Na kazi je? Nimemtuma Vivianne. Jibu: Mama amesema fanya inavyofaa. Inavyofaa nini, jamani.

Alhamisi, 12 Machi
Kidude kimepona — nusu. Nimeacha kukitajia mzazi kwa jina. Sasa ukurasa wowote unaokibeba lazima uahidi kujibu: wewe ni soko gani, na bei yako ni ngapi? Kinauliza, kinajibiwa, basi. Hakijali ni nani. Nilifurahi mpaka chakula cha mchana. Halafu nikaona: soko Malaba, bei ya Busia, ile niliyonakili tu kujaza nafasi. Ukurasa hauwezi kujibu kitu sijaupa.

Nimemtuma Vivianne tena. Amechoka, anasema yeye si posta. Ila amenibebea hii: mamake anauliza, huyu Eriaku, yaani mimi, akishindwa na ukurasa, nyumba ataiweza?

Basi harusi yangu iko ndani ya hiki kidude.

Ijumaa, 13 Machi
Stima hakuna. Kazi hakuna.

Jumamosi, 14 Machi
Niko kwa stoo ya Mama Truphena, Busia. Naandika kwa simu, wadhani ni kazi. Mama amenipa mgongo, ameangalia magunia. Vivianne alikuwa katikati yetu, simu ikalia, akatoka. Nimetoka jasho kama mwizi.

Kisha Mama akaliambia gunia: wewe gunia, bei ya Malaba huwa anapanga Omuse, mtu wangu wa kule, asubuhi, akishaona malori yameingia mangapi.

Nami nikaiambia mizani: basi nitampa Omuse mahali pa kuandika bei, kwa ukurasa wa Malaba wenyewe.

Nimefanya hapo hapo, Omuse akatumiwa ujumbe, akaandika bei. Malaba imeonyesha bei ya Malaba. Wiki nzima, na ilikuwa sentensi moja!

Nikadhani tumemaliza. Mama akasafisha koo. Gunia, niulizie hiyo mizani — tangu Desemba tunangoja tarehe. Huyo mtu alikuja kwetu kuoa ama kutengeneza website?

Na mimi miezi yote hii nilikuwa nangoja yeye aseme.

Vivianne amesimama mlangoni, simu imeshuka sikioni. Amesikia. Nafungua kalenda ya simu, mizani itaje tarehe.