Nilimwambia Nitafikiria

Himeji, mwezi wa Novemba

Kwa dada yangu mpendwa Fusae,

Huku nyumbani majani yameanza kuwa mekundu, na asubuhi nafungua duka nikiwa nimevaa sweta mbili. U hali gani, Dada? Goti linaendeleaje na baridi ya Sapporo? Shemeji naye, hajambo? Mwambie mwaka huu asipande tena juu ya nyumba kuondoa theluji, maana paa halina heshima kwa wazee.

Mimi ni mzima, mzima kupita kiasi. Ukiona mwandiko unakwenda kombo usidhani nimekunywa, ni furaha tu. Mimina chai, ukae, na usiruke mstari hata mmoja kama ulivyokuwa ukiruka vitabu vya shule. Nataka kukusimulia Jumanne yangu.

Unamkumbuka Bwana Uozumi, yule dereva wa basi niliyekuandikia habari zake majira ya joto? Yule ambaye miwani yake inalegea kila wiki na kila wiki anakuja niikaze? Fremu ile nilimuuzia mwenyewe, Dada, ni chuma kizuri. Hailegei mpaka mtu aikalie makusudi. Basi, juzi juzi aliniuliza, huku akitazama sakafu, kama Jumanne, siku ambayo duka hufungwa, ningependa kwenda naye ngomeni. Nilicheka. Sisi tuliozaliwa chini ya ngome ile nani kati yetu huipanda? Tunaiona tukianika nguo, inatosha. Lakini nilikwenda, na nilipaka rangi ya mdomo.

Siku ilikuwa nzuri ajabu. Tulikaa kwenye nyasi mbele ya ngome tukala wali kwa samaki mkunga wa kuoka, hatuna haraka, tukiwasengenya watalii kidogo. Kuta zilikuwa nyeupe hata macho yanauma. Tulipofika mlangoni tukavua viatu, tukavitia kila mtu kwenye mfuko wake, na hapo nikaona: soksi ya Bwana Uozumi ilikuwa na tundu, na kidole gumba kinachungulia nje. Maskini, alikuwa amenunua shati jipya, amekata nywele, ameng'arisha viatu, soksi akazisahau. Orofa zote alipanda amekikunja kidole kile kukificha, na zile ngazi unazijua zilivyo wima. Nilikuwa nyuma yake, nikauma mkono wangu nisicheke. Nilimpenda sana wakati ule, Dada. Sina namna nyingine ya kulisema.

Kileleni, baada ya kuomba kwenye hekalu dogo, alisimama dirishani akatazama barabara ya stesheni. Kisha akasema kwa sauti ileile anayowatangazia abiria kwamba angependa tuzeeke pamoja, na kwa mazoea ya kazi akamalizia, "Tafadhali shikilia vizuri." Nikatafuta la kusema nikaliokota lililokuwa karibu. Nikasema, "Nitafikiria."

Nilimaanisha nitafikiria! Nilitaka dakika tano tu za kupata pumzi. Lakini yeye akainama mpaka chini, akanishukuru kwa kuandamana naye siku nzima, akasema amenielewa vizuri kabisa, akaanza kushuka. Nami nimesimama pale natabasamu kama mjinga, nikidhani ananipisha nifikiri.

Kando ya dirisha alikuwa ameketi mama mmoja wa Osaka, mnene, anapumzisha miguu. Akaniambia bila hata salamu, "We dada, mbona umemkataa mtu wa watu namna ile? Na ile soksi yake!" Nikamwambia sijamkataa, nimesema nitafikiria. Akajipiga paja. "Hee! Na hiyo kwetu ni nini kama si kukataa? Ungemtukana ingekuwa afadhali!" Ndipo nikamkumbuka yule muuza magodoro aliyekuja nyumbani tukiwa wadogo. Mama alimwambia kwa upole, "Nitafikiria," na mtu yule akafunga mzigo wake akaondoka, asirudi tena. Mama wa Osaka akanitia peremende mkononi, kama wafanyavyo wote wa kwao, akanisukuma mgongoni. "Kimbia, mwanangu!"

Nilikimbia, Dada. Nimeruka foleni! Mimi, binti wa Baba, nimewapita wanafunzi wa shule nzima kwenye ngazi, mfuko wa viatu unanigonga magoti, na mlinzi ananifuata kwa sauti, "Taratibu, mama, taratibu!" Kule chini, penye mabenchi ya kuvalia viatu, hakuwapo. Sikuvaa vyangu. Nilitoka na soksi kwenye kokoto, nikamwona karibu anafika daraja la handaki la maji, mabega yameshuka. Nikapiga kelele ambayo sijapata kuipiga tangu nizaliwe: "Bwana Uozumi! Nitafikiria yangu ni kufikiria kweli! Na nimeshafikiria! Ndiyo!"

Watu wote waligeuka. Yeye alinitazama usoni, kisha miguuni, akasema soksi zangu sasa zimechakaa kuliko yake. Halafu akalia, mtu mzima yule, na mimi nikalia, tukagawana peremende.

Tulipokaa kwenye benchi ndipo akanieleza kwamba kule juu alikuwa na ombi la pili, akalimeza. Yeye ni mtoto wa tatu, na kwao warithi wa jina wapo wa kutosha. Aliuliza kama angeweza kuingia nyumbani kwetu na kuchukua jina letu la Onoe. Dada, ulipoolewa ukachukua jina la Shemeji, Baba alicheka na wageni mpaka mwisho, na kesho yake akakaa dukani kutwa nzima akifuta lenzi moja. Mimi nilikwisha kukubali moyoni kwamba jina lile litazikwa nami.

Sasa nikiri. Hatukungoja. Jana tulikwenda ofisi ya jiji tukaandikisha ndoa. Wewe ndiwe mkubwa wangu na ulistahili kuulizwa kwanza, najua. Nikaogopa kwamba nikikaa hata wiki moja woga utanirudisha nyuma. Nikemee utakavyo, lakini njoo unikemee hapa, mwaka mpya, pamoja na Shemeji. Futoni zenu za kulalia zimeanikwa.

Msalimie Shemeji sana, na goti lako lipoe. Hapa chini namwachia naye aweke jina lake. Ukiona pamekatwa usishangae: alianza kuandika la zamani.

Mdogo wako akupendaye,
Onoe Chizuru

na shemeji yako mpya,
Onoe Kengo